Mbwa Achanjwe Kichaa Mara Ngapi? Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Arusha na Moshi

Jibu fupi ni hili: sindano ya kwanza mbwa akitimiza miezi 3, ya pili mwaka mmoja baada ya hiyo, kisha kila mwaka maisha yake yote. Kama ulitaka hilo tu, umeshalipata.

Shida ni kwamba wengi wanalijua jibu hilo na bado mbwa wao hawana kinga. Fungua kadi za mbwa wa mtaa wowote, iwe Sakina au Pasua, utakutana na kitu kilekile: mstari wa kwanza umejazwa vizuri, una tarehe ya miaka minne iliyopita, sahihi na muhuri, na chini yake mistari mitupu hadi mwisho wa ukurasa. "Huyu ameshachanjwa," mwenye mbwa atakwambia, na hadanganyi. Alichanjwa kweli. Ila kinga yenyewe imeshaisha, na hakuna aliyeigundua siku ilipoisha.

Kwa hiyo humu nitaongelea sindano, lakini zaidi nitaongelea sindano ya pili, maana hapo ndipo watu wanapokwama.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi ya chanjo. Kama hujawahi kupewa, nunua daftari dogo lenye jalada gumu. Mbwa mmoja, daftari moja.
- Kola na kamba ya kama mita mbili. Chagua kamba nene. Ile nyembamba ya manila itakukata kiganja mbwa akivuta.
- Kipande cha kanga kuukuu, upana wa vidole vitatu na urefu wa mita moja hivi, kwa ajili ya kumfunga mdomo. Hata mbwa mpole, andaa.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo. Huna? Ofisi ya mtendaji wa kata watakupa.
- Sabuni ya mche na maji ya bomba au ya dumu, karibu na mahali pa kuchomea.
- Fedha. Ulizia bei kabla hujatoka nyumbani. Kwenye kampeni mara nyingi chanjo hutolewa bure, kwa daktari binafsi utalipa, na akija nyumbani utamlipia na usafiri.

Chanjo yenyewe usinunue. Sababu iko hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Jua umri wa mbwa

Mtoto wa mbwa huzaliwa na kinga kidogo aliyoipata kwa mama yake, hasa kupitia maziwa ya mwanzo. Kinga hiyo ni nzuri kwake, lakini huweza pia kuipinga chanjo, ikaingia mwilini bila kuacha faida kubwa. Ndiyo maana tunasubiri wiki 12, yaani miezi 3.

Kama mbwa alizaliwa kwako, tarehe unayo. Kama umepewa au umemwokota, mfungue mdomo taratibu umtazame meno ya mbele. Meno ya utoto ni madogo, meupe na makali kama ncha za sindano. Yale ya mbele kabisa huanza kung'oka kati ya miezi 3 na 4, na chonge hubadilika kwenye miezi 5 au 6. Ukikuta meno makubwa ya kudumu yameanza kujitokeza mbele, miezi 3 imeshapita. Mchanje.

Mbwa mkubwa asiye na kadi mhesabu kuwa hajawahi kuchanjwa. Maneno ya aliyemuuza, kwamba "kila kitu kilifanyika", usiyaandike popote. Chanjo ya kurudia haimdhuru mbwa, ila chanjo ya kudhania inaweza kukuua wewe.

Na kampeni ikija mtaani wakati watoto wa mbwa wako wana wiki 8? Wapeleke. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa mbwa wasiachwe nje ya kampeni kwa sababu ya umri. Ila hiyo usiihesabu kuwa ndiyo ya kwanza. Wakitimiza wiki 12 rudia, kisha uanze kuhesabu mwaka kutokea hapo.

Umefanikiwa ukiwa na: tarehe ya kuzaliwa, hata ya kukadiria, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Hatua ya 2: Panga tarehe zote mbili kwa pamoja

Usipange sindano moja. Panga mbili, siku hiyohiyo, kabla hata ya kumfunga mbwa kamba.

Tuseme amezaliwa tarehe 10 Januari 2025. Ya kwanza inaangukia 10 Aprili 2025, ya pili 10 Aprili 2026. Ziandike zote mbili kwenye daftari, na ile ya pili iingize kwenye simu ikukumbushe mwezi mmoja kabla. Mwezi mmoja unatosha kutafuta fedha, kumpata daktari, na kumfukuzia mbwa aliyezoea kulala kwa jirani.

Kwa nini ya pili ina uzito hivi? Sindano ya kwanza huufundisha mwili kumtambua kirusi, lakini kinga inayojengeka hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na kwa baadhi ya mbwa, hasa waliochanjwa wadogo, hupungua haraka. Ya pili huikuta kumbukumbu hiyo na kuipandisha juu zaidi, na safari hii hudumu. Mbwa wa sindano moja na mbwa wa sindano mbili hawako daraja moja.

Angalizo la kwetu: Aprili ni katikati ya masika. Ukikaa juu huko Kibosho au Machame, au ndani ya Ngaramtoni ambako barabara hugeuka tope, tarehe hiyo itakushinda. Isogeze nyuma, ichome Machi. Kuwahisha wiki mbili tatu hakuna neno kwa sindano ya pili na zinazofuata. Kuchelewesha ndiko kunakoacha pengo.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuchanjia

Njia zinazofaa ni tatu: ofisi ya mifugo ya kata, daktari wa mifugo aliyesajiliwa, au kampeni ya halmashauri na mashirika. Kampeni nyingi hufanyika kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Gari la matangazo likipita, sikiliza hadi mwisho ujue ni uwanja gani na saa ngapi.

Njia ya nne, ambayo naipinga, ni ya kununua kichupa duka la dawa za mifugo, kukitia mfukoni, kupanda nacho bodaboda na kumchoma mbwa mwenyewe nyumbani. Chanjo hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Wapo watakaokwambia inavumilia joto, na si uongo mtupu: utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina moja ya chanjo ya mbwa, hata baada ya kukaa miezi kadhaa kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, bado iliwapa mbwa kinga. Habari njema kwa wachanjaji wanaokwenda vijiji visivyo na umeme. Lakini hilo lilikuwa joto la kupimwa na kufuatiliwa. Hujui kichupa chako kilikaa wapi kabla hakijafika kaunta, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Moshi saa nane mchana joto hupanda kupita hapo kwa mbali. Kugandishwa nako huiharibu, kwa hiyo friji ya soda yenye barafu si mahali pake.

Sababu nyingine ni ya karatasi. Ukijichomea mwenyewe hakuna wa kutia sahihi, na siku mbwa wako akimuuma mtoto wa watu utaombwa kadi. Utaonyesha nini?

Onyo: ile chanjo ya mchanganyiko ambayo watoto wa mbwa huanza kuchomwa wakiwa na wiki 6 hadi 8 ni ya magonjwa mengine ya mbwa: parvo, distempa na wenzake. Kichaa kwa kawaida hakimo. Nimeona kadi zilizojaa vibandiko vitatu vinne, mwenye mbwa ametulia kabisa, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kichaa. Uliza waziwazi: "Daktari, hii ni ya kichaa?"

## Hatua ya 4: Mwandae mbwa

Hapa ndipo watu wengi hurudi nyumbani bila kuchanja. Mbwa wa ulinzi aliyezoea kufungiwa bandani mchana na kuachiwa usiku hajui kamba. Siku ya chanjo anavutwa kwa mara ya kwanza, anagoma, anamuuma anayemvuta, na safari inaishia getini.

Anza wiki moja kabla. Mvishe kola, mwache nayo siku mbili. Siku ya tatu mfunge kamba wakati wa chakula, ale ugali wake akiwa amefungwa. Kisha mtembeze ndani ya uwanja, halafu nje ya geti, asubuhi kabla barabara haijachangamka. Si lazima awe hodari. Inatosha akubali kwenda hatua mia bila kujitupa chini.

Siku yenyewe mpe maji, na chakula kidogo tu. Ampeleke mtu mzima anayemfahamu. Kwenye kampeni utaona watoto wa darasa la pili wamekokotwa na mbwa wazito kuliko wao, na foleni ya mbwa wasiojuana ni mahali pa ugomvi. Simama mbali na foleni, muombe mwenzio akushikie nafasi.

Jinsi ya kufunga mdomo:

1. Tengeneza kitanzi kikubwa kwenye ile kanga, fundo moja legelege.
2. Simama ubavuni mwa mbwa. Usimkabili usoni.
3. Pitisha kitanzi kwenye mdomo hadi katikati ya pua na macho, kisha kaza fundo likiwa juu.
4. Shusha ncha mbili chini ya kidevu, zipishanishe.
5. Zipeleke nyuma ya masikio, ufunge fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja.

Kikikaa sawa, mbwa hawezi kufungua mdomo lakini unaona kifua kinapanda na kushuka bila taabu. Usimwache hivyo zaidi ya dakika chache, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Mwenye pua fupi usimfunge namna hii kabisa, wala anayetapika.

Mbwa anayeharisha, mwenye homa au aliyekataa kula, mwahirishe mpaka apone. Jike mwenye mimba anaweza kuchanjwa, kwa kuwa kirusi kilichomo kimeshauawa na hakiwezi kumletea ugonjwa, ila mwambie daktari kabla.

## Hatua ya 5: Simamia sindano ikichomwa

Simama karibu uangalie. Mchanjaji mzuri hachukii kuulizwa.

Kichupa kitoke kwenye friji au boksi la baridi, si mezani juani. Soma jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kitikiswe kabla ya kuvutwa. Sindano iwe mpya. Dozi kwa kawaida ni mililita 1, awe mbwa wa kilo 5 au wa kilo 40. Usikubali hoja ya "huyu mdogo, tumpe nusu". Huchomwa chini ya ngozi ya mgongo karibu na shingo, au kwenye nyama ya paja, kutegemea maelekezo ya chanjo.

Sasa, jambo dogo ambalo hupita bila kuonekana: mbwa akiruka wakati anachomwa, sindano hutokeza upande wa pili wa ngozi na dawa ikamwagika kwenye manyoya. Mara tu baada ya sindano papase pale. Pakiwa pamelowa, sema hapohapo ili arudiwe. Mkiondoka hivyo, kadi itasema amechanjwa na mwili hautakuwa na habari.

## Hatua ya 6: Nusu saa, halafu wiki chache

Usiondoke mara moja. Kaa naye nusu saa kivulini. Kwa nadra mbwa huvimba uso, hutapika au huishiwa nguvu ndani ya muda huo, na hapo anahitaji daktari akiwa bado yupo.

Nyumbani anaweza kuchoka siku moja au mbili, na kuvimba kidogo palipochomwa. Hayo huisha yenyewe.

Kinga haianzi siku hiyo. Kwa sindano ya kwanza hesabu wiki 3 hadi 4, na katika muda huo mfungie ndani usiku kama mbwa ambaye hajachanjwa.

## Hatua ya 7: Kadi

Hakikisha ina jina na rangi ya mbwa, jinsia, tarehe ya leo, jina la chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, tarehe ya kurudi, na jina, sahihi na muhuri wa mchanjaji. Kibandiko cha kichupa kikiwepo, kibandikwe.

Tarehe ya kurudi ndiyo huachwa wazi mara nyingi. Msihi aijaze. Kisha piga picha ukurasa huo na uitume kwa mtu mwingine wa nyumbani, kwa sababu simu huibwa na madaftari huliwa na mchwa. Au na mbwa mwenyewe.

Mwenye safari ya kuvuka Namanga au Holili na mbwa wake aulizie vibali vya mifugo mapema, na kadi hii ndiyo ya kwanza kuombwa. Anayempeleka Ulaya aanze na kichipu cha utambulisho chini ya ngozi, ndipo achanje. Chanjo iliyotangulia kichipu huko haihesabiki, na baada yake kuna kipimo cha damu na miezi ya kusubiri.

## Hatua ya 8: Rudi kila mwaka

Kwenye vibandiko vya baadhi ya chanjo utasoma kwamba baada ya ile ya pili kinga hudumu miaka 3. Ni kweli, na Marekani mbwa wengi hurudi kwa mpango huo. Kwa hiyo kwa nini hapa tunasisitiza kila mwaka?

Kwanza ndio utaratibu uliozoeleka na unaokaguliwa. Pili, miaka 3 ni mirefu kwa kumbukumbu zetu: daftari hupotea, mbwa hugawiwa kwa shemeji, afisa wa kata huhamishwa. Muulize mzee yeyote kwenye foleni, "Mzee wangu, huyu alichanjwa lini?" Atakujibu, "Ilikuwa juzijuzi, mwaka ule wa mvua nyingi."

Tatu ni suala la mtaa mzima. Ili ugonjwa ukose pa kupita, angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanatakiwa wawe na kinga. Lakini mbwa wetu hufa wengi na kuzaliwa wengi, kwa hiyo mtaa uliofika 70 mwaka huu hushuka mwakani bila mtu kufanya kosa. Mimi nachagua mwaka.

Ukichelewa: mchanje leo. Huhitaji kuanza na sindano mbili za mfululizo. Moja inatosha, kisha mwaka mmoja kutokea tarehe hiyo. Pengo lililopita haliwezi kuzibwa, kwa hiyo usimwombe daktari aandike tarehe ya nyuma.

## Mambo yakiharibika

Mbwa wako ameumwa na mbwa asiyejulikana. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi, umuoshe kidonda kwa sabuni, na umpigie daktari siku hiyohiyo. Aliye ndani ya tarehe huchanjwa tena mara moja na kuchungwa siku 45. Asiyechanjwa ana hali ngumu: itashauriwa auawe kitaalamu, au atengwe kwa miezi kadhaa mahali asipogusana na mtu wala mnyama.

Mtu ameumwa. Osha kidonda dakika 15 kamili kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usipake majivu wala pilipili. Kisha nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi nzuri, mweleze mganga yote na kadi umwonyeshe. Piga simu kabla kuuliza kama chanjo ya binadamu ipo, ili usipoteze nauli kwenda kituo kisichokuwa nayo. Mbwa afungiwe na aangaliwe siku 10, asiuawe kwa hasira. Lakini matibabu hayasubiri siku hizo ziishe; mbwa akibaki mzima, mganga ataamua kusimamisha dozi zilizobaki. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno kiasi kwamba usikuweke kwenye hesabu.

Mbwa amebadilika. Mkali amekuwa mpole ghafla, mpole amekuwa mkali, sauti imekwaruza, mate yanamtoka, taya limelegea kama aliyekwamwa na mfupa. Usimtie mkono mdomoni kumtoa huo mfupa. Mfungie alipo na umwite afisa mifugo.

Akifa, usimchune na usimzike haraka. Sampuli ya ubongo ndiyo inayothibitisha ugonjwa, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Arusha. Kazi ya kuchukua sampuli ni ya mtaalamu mwenye glavu na miwani. Yako ni kuwazuia watoto, kuku na mbwa wengine wasisogee mpaka afike, na kumtajia majina ya wote waliolambwa au kung'atwa kuanzia siku 10 kabla dalili hazijaanza.